Vidato vya Hekalu la Juno

Numisio Karbo alipima mara ya pili, akapata jibu lile lile, akaita.

"Vesko, hebu njoo. Nje, jukwaa hili lina upana wa futi hamsini, sivyo?"

"Hamsini kamili. Na urefu sitini. Nimelijenga mwenyewe."

"Basi shika ncha ya fito hii uone mwenyewe. Humu ndani sifiki hata arobaini na tano. Nimeshatoa unene wa kuta zako zote mbili, na bado upande wa mashariki kuna futi tatu na ushei zisizo na mwenyewe. Umeficha nini humo?"

Hostilio Vesko, mkandarasi wa hekalu jipya la Murgania, alikuwa mtu wa kutokwa jasho hata kwenye baridi, na humo ndani palikuwa na baridi. Walikuwa chini ya sakafu ya hekalu, katika stoo ndogo ndani ya lile jukwaa la mawe lililolibeba jengo zima, nguzo, kuta na paa. Palinuka chokaa mbichi. Vesko aliinua taa, akamtazama mpelelezi, akaangua kicheko.

"Ala! Ndicho kilichokufanya ujilaze kwenye vumbi tangu asubuhi? Njoo nikuonyeshe."

Akasogeza taa kwenye tundu mahali palipokosa jiwe moja. Nyuma ya mawe mapya meupe Karbo aliona mawe mengine, ya rangi ya kahawia, yenye masizi ya moto.

"Ukuta wa hekalu la zamani," Vesko alisema. "Lilipoungua, msoma maini alichinja kondoo, akatazama ini, akasema miungu haitaki nyumba yao ibadilishwe umbo. Upana ule ule, urefu ule ule, na ukuta wa kale usiguswe. Mimi nilitaka kupanua, nipate nafasi ya nguzo sita mbele. Nikakataliwa kabisa! Nilichoruhusiwa ni kwenda juu tu. Basi ukuta wa zamani nimeuacha hapo ulipo, nikauvika mpya. Futi zako tatu ndizo hizo."

Karbo hakumwamini mtu kwa maneno. Alichukua nyundo ya mti, akagonga ukuta wote wa mashariki, chini, katikati na juu, sikio likiwa karibu na jiwe. Kila mahali ulijibu kwa sauti nzito ya kitu kilichoshiba. Hapakuwa na chumba cha siri wala shimo. Alikaa kitako juu ya gunia la mchanga akasugua goti lake bovu, hasira zimempanda.

Zamani Karbo alikuwa mpimaji wa kambi za jeshi. Siku hizi miji ya bonde lile ilimwita kutafuta vilivyopotea: watumwa waliotoroka, ng'ombe, na mara nyingine waume za watu. Safari hii aliitwa na Petilio Rufreno, mkuu wa mji, kutafuta fedha ya Juno. Bakuli kubwa la fedha na taa mbili, vilivyookolewa kwenye moto wa hekalu la zamani, vilitoweka juzi jioni. Na aliyekuwa akivitunza, mzee Sabidio, naye alitoweka juzi jioni. Kwa watu wa Murgania hapakuwa na cha kuchunguza: mzee kabeba, mzee kaenda. Karbo alitakiwa kusema tu ameelekea wapi.

Adhuhuri ya siku ile mpiga mbiu angesimama sokoni na kulitangaza jina la Sabidio kuwa ni la mwizi wa mali ya mungu. Kuanzia hapo, asingeruhusiwa mtu yeyote bondeni kumpa maji wala moto, na atakayemkuta angekuwa na haki ya kumuua. Binti yake angetolewa kwenye chumba cha nyuma ya kiwanja cha hekalu, alimozaliwa. Na Karbo, baada ya kuhangaika kote, hakuwa na jibu lolote mkononi. Jana alikuwa amepoteza siku nzima akilifukuza gari la ng'ombe lililoonekana likitoka mjini na mzigo uliofunikwa. Alilikamata kwenye barabara ya Kapua. Ndani mlikuwa na jibini, na mwenye jibini akamtukana yeye na mababu zake wote.

"Twende nje," alisema. "Humu hamna kitu."

Nje jua lilikuwa limeshapanda. Binti wa mzee alikuwa anawasubiri nje ya kamba ya maua iliyozungushiwa kiwanja chote. Sabidia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, fundi wa kofia za manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, mikono imebabuka kwa maji ya moto. Alikuwa hajalala, na hakuficha.

"Umempata?"

"Nimepata ukuta."

"Ukuta! Mji mzima unamwita baba yangu mwizi, na wewe unapima kuta!"

"Ndiyo kazi ninayoijua, dada. Hebu niambie tena ule ugomvi wake na Mheshimiwa."

Sabidia alishusha pumzi. "Nimekwambia mara ngapi? Mheshimiwa Petilio alitaka ile fedha ya zamani iyeyushwe. Imeungua, imebonyea, inamtia aibu mbele ya wageni. Akasema atatengeneza birika jipya lenye jina lake. Baba akamwambia mbele za watu, pale pale sokoni: kilichopewa Juno ni cha Juno, hakitoki nje ya kiwanja chake hata kikiwa kigae. Mheshimiwa akageuka mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Kesho yake baba hayupo, fedha haipo. Sasa kila mtu anasema, ahaa, ndiyo maana aliing'ang'ania."

"Kila mtu ananipa habari hiyo kama ushahidi kuwa aliiba."

"Na wewe?"

Karbo alikuna kidevu. Jana habari ile ilimpita tu. Leo, labda kwa sababu alikuwa ameishiwa na mengine yote, aliigeuza upande wa pili.

"Mimi naona mtu aliyekataa fedha isitolewe kwa mlango wa mbele," alisema polepole. "Kwa nini aitoe kwa mlango wa nyuma? Dada, mimi nimekuwa nikiuliza imetoka kwa njia gani. Huenda haikutoka."

Sabidia alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu juzi uso wake ulilegea kidogo.

Kuingia tena kiwanjani, safari hii mbele penye madhabahu na ngazi, kulihitaji ruhusa ya kuhani. Tangu jana asubuhi mahali pale palikuwa pametakaswa kwa ajili ya sherehe ya kesho, na kila aliyeingia alivua viatu. Kuhani Oppia, mwanamke mrefu wa makamo, kichwa amekifunga utepe mweupe, alikuwa amesimama karibu na madhabahu akihesabu matawi ya mzeituni. Pembeni yake alikaa mpiga zumari, Novelio, mashavu yamefungwa kwa mkanda wa ngozi yasipasuke, akipuliza bila kupumzika. Alianza jana, na alitakiwa kupuliza hadi sherehe iishe, akipokezana na nduguye, ili sauti yoyote mbaya isisikike mahali patakatifu. Zumari mbili kwa pumzi moja! Ilibidi watu wapigiane kelele ili wasikilizane.

"Mama Oppia," Karbo alisema akimwinamia sikioni, "vyombo vya Juno vikizeeka, mnavipeleka wapi?"

Kuhani aliacha kuhesabu.

"Haviuzwi na havitupwi," alijibu. "Vinarudi chini, humu humu kiwanjani. Liko shimo. Watunzaji wanalijua, mmoja humwambia anayemfuata, basi. Sisi makuhani tunajua lipo, lakini mahali hatuambiwi, wala hatuulizi."

"Shimo! Na jana ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Jana ulikuwa unafukuza jibini."

Karbo alimeza tusi. "Linaweza kuwa wapi?"

"Popote ndani ya kamba. Tafuta. Ila usiguse madhabahu, na usitumie chuma. Ardhi hii imeshatakaswa."

Alitazama huku na huku. Kiwanja chote kilikuwa kimetandazwa mawe mapya, yamebanana vizuri, hata ncha ya kisu isingepita. Aliona kuwa akitazama kutoka juu angeweza kuona jiwe lolote lisilolingana na wenzake, basi akazielekea ngazi za hekalu. Akanyanyua mguu wa kulia kama desturi, akakanyaga, akanyanyua wa kushoto, na mara akapepesuka akaanguka kifudifudi juu ya ngazi, goti lile lile bovu likapiga ukingo wa jiwe.

"Mguu wa heri huo!" mtu mmoja alipaza sauti kutoka nje ya kamba, akacheka.

Karbo hakucheka. Alibaki pale pale chini, anauma meno, na badala ya kuinuka akaanza kupima vidato kwa kiganja cha mkono. Vya juu vyote vilikuwa na kimo kimoja, robo tatu ya futi, kazi safi kabisa. Viwili vya chini vilikuwa nusu ya hapo. Mguu wake ulikuwa umezoea kimo cha ngazi za mahekalu yote ya nchi ile, ukapanda juu kupita kiasi, ukakuta hewa. Akainama zaidi. Kidato cha chini kabisa kilikuwa kimejitokeza mbele ya zile kuta fupi mbili zilizozishika ngazi kulia na kushoto, wakati vingine vyote vilikuwa ndani yake. Akaingiza ukucha kwenye kiungo. Chokaa ikamegeka, bado ina unyevu.

"Vesko!"

Mkandarasi alikuja anafuta shingo.

"Ngazi hizi zina vidato vingapi?"

"Kumi na tatu. Sharti viwe witiri, unaanza na mguu wa kulia chini, unafika na wa kulia juu. Hata mtoto anajua."

"Na hiki cha chini umekiweka lini?"

Vesko alimtazama kuhani, akatazama chini. "Lazima tuyaseme haya?"

"Sema," Oppia alisema. "Mimi sioni aibu. Aibu ni yako."

"Nilikosea hesabu," Vesko alisema, jasho likimtiririka. "Jukwaa tulilipandisha, nikachonga vidato kumi na tatu, sawasawa kabisa. Halafu walipokuja watandaza mawe, uwanja nao ukapanda, ukakimeza kidato kimoja. Sikuona! Vikabaki kumi na viwili. Mama hapa alikuja kujaribu maandamano, akafika mlangoni kwa Juno na mguu wa kushoto."

"Nilipiga yowe," Oppia alisema. "Na nikamwambia jiwe lingine liwekwe kabla giza halijaingia, maana asubuhi yake tunatakasa."

"Nilikuwa na jiwe moja la kutosha. Nikaligawa pengo la chini mara mbili, nikaweka hili mbele. Ni zito, watu wanane na kapi. Sikuwa na muda wa kuangalia uzuri."

"Siku gani?" Karbo aliuliza, ingawa alishajua.

"Juzi jioni."

Sauti ya zumari iliendelea, nyembamba na kali, ikipanda na kushuka.

"Hapo ulipoliweka palikuwa na nini chini?"

"Mawe tu ya uwanja. Na lile bamba la mzee." Vesko alisita. "Alinisihi sana wakati wa kutandaza tusilifunike, tulipandishe tu kwa kimo cha uwanja. Alisema ni mtaro wa maji wa Juno. Nikamkubalia. Juzi tulilikuta limeegeshwa pembeni, shimo wazi. Nikafikiri ametoka kusafisha mtaro. Niliita, haki ya Herkule niliita! Nikainama nikasema, kuna mtu humo? Kimya. Basi tukalirudisha bamba, jiwe likaja juu yake. Nilijua maji yatapita tu..."

Rangi ilimtoka usoni, na mdomo ukabaki wazi.

"Novelio!" Karbo alipaza sauti. "Nyamaza!"

Mpiga zumari alitikisa kichwa huku anapuliza, macho yamemtoka. Kunyamaza kulikuwa kuharibu utakaso wote. Ingebidi uanze upya. Karbo alimfuata akichechemea, lakini Oppia alimtangulia. Kuhani alinyoosha mkono akazichomoa zumari zote mbili mdomoni mwa mtu yule.

Ukimya ulishuka uwanjani, na watu walioko nje ya kamba waligeuka kutazama. Karbo alilala juu ya kidato cha chini akaweka sikio kwenye jiwe. Akagonga kwa nyundo ya mti, akasubiri. Akagonga tena.

Kutoka chini, mbali sana, kikaja kishindo kidogo. Kisha kingine. Ilikuwa sauti ya fedha ikigongwa kwenye jiwe, nayo ilikuwa dhaifu.

"Yu hai," Karbo alisema. Akarudia kwa nguvu. "Yu hai! Sabidia! Baba yako yu hai!"

Sabidia alishavuka kamba ya maua kabla hajamaliza kusema, viatu miguuni, na hapana aliyemkemea.

"Jana niliisikia," Novelio alinong'ona, mkanda wa ngozi unaning'inia shingoni. "Naapa niliisikia. Nikadhani ni paka analia. Sauti mbaya hiyo, kabla ya sherehe! Nikapuliza kwa nguvu zaidi. Ndiyo kazi yangu, jamani. Ndiyo niliyoitiwa."

Vesko alishakimbia kuita watu wake.

Walikuja watu kumi, mikono mitupu, wakasimama wakitazamana, na nyuma yao akaja Petilio Rufreno mwenyewe, mkuu wa mji, joho lake lenye ukingo wa zambarau amelishika lisiburute. Alikuwa amekuja kumsindikiza mpiga mbiu. Aliambiwa kilichotokea kwa sentensi tatu, akatazama juu, mahali jina lake lilipong'aa kwa herufi za shaba juu ya nguzo.

"Jiwe hilo halitoki leo," alisema. "Sikilizeni, mimi si mnyama. Chimbeni pembeni, mpitishieni maji, mpitishieni mkate. Kesho baada ya sherehe mtang'oa mnachotaka. Lakini mkibomoa ngazi sasa, kwa chuma, kwenye ardhi iliyotakaswa, msoma maini atasema tuanze upya, siku kumi nyingine, na mimi keshokutwa naondoka madarakani. Miaka minne nimelijenga hekalu hili!"

"Mheshimiwa," Karbo alisema, "mzee wa miaka sabini amekaa humo tangu juzi bila maji. Sauti tuliyoisikia, kesho hatutaisikia."

"Hujui hilo."

"Sijui. Wewe unajua?"

Petilio alitazama juu tena. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu aliyelala na kuamka na jina lake lile la shaba kwa miaka minne. Sabidia alimwendea mpaka karibu kabisa, mikono yake iliyobabuka imekunjwa ngumi.

"Unataka jina juu ya mlango, na baba yangu chini ya mlango?"

"Binti, mimi sikusema..."

"Petilio," Oppia alisema, na watu wakanyamaza maana hakutaja cheo. "Nyumba ya Juno inakuwa ya Juno lini?"

"Kesho."

"Kesho saa ngapi? Kwa jambo gani?"

Mkuu wa mji alijibu kwa unyonge, kama anayejibu mbele ya mwalimu. "Nitakaposhika mwimo wa mlango na kuyasema maneno."

"Umeshaushika?"

"Bado."

"Maneno umeshayasema?"

"Bado, mama."

"Basi hii bado ni nyumba ya Vesko," kuhani alisema. "Ni mawe na chokaa. Ardhi tumeitakasa, hilo kweli, na chuma juu yake ni kosa. Kosa la chuma linalipiwa kwa nguruwe jike. Ninaye mmoja zizini kwangu, mnene, nitamtoa mwenyewe na kuitakasa ardhi upya kabla jua halijazama. Zumari zitaanza upya pia. Novelio ana mapafu." Akamgeukia Vesko. "Leteni mitaimbo. Mnangoja nini?"

Waliileta mbio. Vesko, yule wa kutokwa jasho, alikuwa wa kwanza kujilaza chini na kuanza kukwangua chokaa kwa patasi, akipiga huku analia waziwazi. Chokaa mbichi ilitoka kwa urahisi. Waliingiza ncha za mitaimbo, wakaweka mabanzi ya mwaloni chini yake, na Karbo akahesabu kwa sauti ya kambini ili wavute pamoja.

"Moja, mbili, haya! Usilegeze huko kushoto! Moja, mbili, haya!"

Jiwe lilinyanyuka upana wa kidole, likarudi. Mtaimbo mmoja haukuwa na mtu wa pili. Karbo aligeuka kutafuta mkono wa bure, akamwona Petilio Rufreno amelivua joho, amelitupa juu ya madhabahu kama shuka, anakuja kwa kanzu ya ndani. Aliushika mtaimbo bila kumtazama mtu.

"Moja, mbili, haya!"

Jiwe lilipanda, likaegemea, likateleza mbele kwa mngurumo na kuacha mchubuko mrefu kwenye mawe mapya ya uwanja. Chini yake bamba la kale lilikuwa limekaa sawasawa. Watu wawili waliling'oa. Hewa ya baridi ikawapanda usoni, na humo shimoni, ngazi ya mti ikiwa bado imeegemea ukutani, kichwa cha mvi kilionekana kikiwa kimeinamia magoti.

Sabidia alishuka kabla hajaambiwa. Wakamsikia anasema, "Baba, ni mimi, ni mimi," mara nyingi bila kuongeza kitu. Kisha mzee alipandishwa kwa kamba, mwepesi, mdomo umekauka na ndevu zimejaa vumbi, macho ameyafumba kwa sababu ya jua. Mkononi alishikilia taa ya fedha iliyobonyea upande mmoja kwa kugongwa.

Walimkalisha kwenye kivuli cha madhabahu. Oppia mwenyewe alimpa maji na siki kidogo kidogo kwa kitambaa. Ilipita muda mrefu kabla hajaweza kusema.

"Nilimsikia Vesko akiita," alisema, sauti kama majani makavu. "Nikanyamaza. Nikajiambia, nikiitikia atashusha taa, ataona, na mahali hapa hapatakiwi kuonekana na mtu. Nikangoja aondoke. Mara bamba likaja. Nikasema, aa, watalitoa. Halafu likaja lile jingine."

"Nisamehe, mzee," Vesko alisema.

"Kosa langu mimi. Usiku juu hapakuwa na mtu, na asubuhi nilipopiga kelele pakawa na zumari." Mzee alijaribu kucheka, akakohoa. "Zumari nzuri. Bakuli liko salama, mama Oppia. Na taa ya pili. Hii nimeiharibu."

"Juno ana taa nyingi," Oppia alisema.

Mzee Sabidio alifungua jicho moja, kisha la pili. Aliuona umati umejaa mpaka kwenye ngazi, watu wa sokoni, waashi, mpiga mbiu na pembe yake chini ya kwapa, na mkuu wa mji aliyevaa kanzu ya ndani, ametapakaa chokaa. Alishangaa. Alikuwa hajawahi kukusanyikiwa na watu wengi hivyo maisha yake yote.

"Mmejaa," alisema. "Siku zote hizi mlidhani nimekwenda wapi?"

Muuza samaki aliyepaka kinyesi kwenye mlango wa mzee jana asubuhi alitazama vidole vya miguu yake. Mpiga mbiu aliizungusha pembe nyuma ya mgongo. Petilio Rufreno alisogea hatua moja mbele, na Karbo aliona kuwa mtu yule amekusudia kusema yote, pale pale, mbele ya watu.

"Mzee Sabidio," alianza, "mimi..."

Sabidia alikuwa anamfuta baba yake vumbi kwenye nyusi. Hakuacha, wala hakugeuka.

"Walikuwa wanakutafuta, baba," alisema. "Mji mzima ulikuwa unakutafuta."

Mzee alitikisa kichwa kwa kustaajabu, machozi yamemlengalenga, akaanza kuwashukuru mmoja mmoja kwa majina.